Hadithi Aliyopewa Mgeni

Mtu akiniuliza nilijifunza nini kidato cha tatu, humwambia nilijifunza kuona wivu, na kwenye somo hilo sikuwa na mpinzani. Mengine yote, mikataba ya wakoloni, ngeli, vitendawili na misimu, niliyasahau nikaja kuyasoma upya chuoni, na leo nayafundisha mwenyewe. Wivu haukuhitaji marudio.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, si mbali na Msambweni. Nusu yetu walilala bwenini na nusu tulitoka majumbani. Mimi nilikuwa wa kutoka nyumbani, maana nyumba ya bibi yangu mzaa mama, tuliyokaa mimi na mama, ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kupitia mikoroshoni. Nilifika darasani na umande kwenye viatu, na nilijiona mwenyeji wa kila kitu: wa njia, wa shule, na zaidi ya yote wa Kiswahili.

Kiswahili na Historia tulifundishwa na mwalimu mmoja. Alikuwa mwanamke wa Mkongani, mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kipindi cha Kiswahili alikuja akitabasamu; cha Historia alikuja amekunja uso, kana kwamba wale wakoloni wangali ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilimpenda mno. Siku za kurudisha insha alianza na madaftari ya walioanguka, akapanda polepole, na daftari langu ndilo lililobaki mkononi mwake la mwisho. Hakutaja la nani. Alilifungua akasoma kwa sauti, nami nikageuza uso dirishani, nikajifanya hamnazo, huku masikio yamenisimama. Siku ya wazazi, kidato cha kwanza na cha pili, ni mimi niliyesimama mbele kusoma kazi bora ya darasa, na bibi yangu akaketi mstari wa kwanza na leso yake mpya, akipiga makofi kabla sijamaliza sentensi.

Kidato cha tatu akaja yeye.

Alitoka bara. Mamake alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, wakahamia Ukunda, kisha akamleta binti yake kwetu bwenini. Kiswahili chake, yarabi! Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama ameelewa, akajibu, "Hapo nimelost kidogo, mwalimu. Unaeza rudia?" Darasa zima likacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, hata nikalazimika kujifuta machozi kwa ukosi wa sare. Nikajisemea huyu hanipi taabu. Insha yake ya kwanza ilipata alama saba kwa ishirini, na nililala usingizi wa raha.

Lakini alikuwa na maswali. Sisi tulizoea kuuliza swali ili mwalimu aone tumesoma. Yeye aliuliza kwa sababu hakujua. Siku moja katika Historia tulikuwa tunanakili habari za misafara ya pembe za ndovu, kutoka bara hadi pwani, nani aliuza, nani alinunua. Akainua mkono. "Mwalimu, na hao watu wenye walikuwa wanabeba hizo pembe, wao walisema nini?"

Mwalimu aliacha kuandika. Akaiweka chaki juu ya meza, akavua miwani, akasema, "Hilo ndilo swali." Kisha kipindi kizima kikaenda kwenye swali hilo, na ubao ukabaki nusu.

Nilikaa na mwalimu yule miaka miwili na zaidi, nikamwandikia insha ambazo nadhani zilikuwa nzuri, na hakuwahi hata siku moja kuweka chaki chini kwa ajili yangu. Kijiba cha roho kikanishika pale pale. Nikaanza kumhesabia mwenzangu kila alichopewa: mara ngapi mwalimu amemtazama, mara ngapi amesema "vizuri", mara ngapi amesimama karibu na dawati lake. Na kana kwamba hayo hayatoshi, msichana yule akaanza kujifunza Kiswahili. Alikuwa na daftari dogo, akiandika maneno ya wasichana wa Vanga na wa Mkwiro waliolala naye bwenini, na mwisho wa muhula wa kwanza insha yake ilibaki mkononi mwa mwalimu ya pili kutoka mwisho. Ile ya mwisho ilikuwa yangu bado. Ila nilipogeuza uso dirishani sikuona kitu.

Muhula wa pili mwalimu akatupa kazi moja ya kuhesabiwa mara mbili, Kiswahili na Historia. Kila mmoja amtafute mzee, akae naye, amwulize jambo aliloliona kwa macho yake, aliandike kwa kalamu bila simu. "Mdomo mmoja ni hadithi," alituambia, "midomo miwili ndiyo historia. Mkipewa neno, litafutieni shahidi." Kazi bora ingesomwa siku ya wazazi na aliyeiandika. Aliposema hivyo sikumtazama mtu yeyote. Nafasi ile ilikuwa yangu, na wote walijua ni yangu.

Tatizo lilikuwa wale wasichana wa bwenini ambao hawakuwa na wazee karibu. Mwalimu akawagawa kwa wenyeji kama mtu anavyogawa vifaranga. Alipofika kwangu alisema, "Wewe bibi yako yuko hapo tu. Nenda na mwenzako." Akamwonyesha yeye. Nikaitikia, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya adabu. Moyoni nilisema aje tu, aje aone mwenye bibi ni nani.

Hapa lazima nieleze mimi na bibi tuliishije, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Babu yangu, alipokuwa hai, alinichukua mapajani nikiwa mchanga akatangaza kwamba ameoa mke mdogo, na tangu siku hiyo bibi hakuniita kwa jina. Aliniita mke mwenzangu. Nikichelewa kuamka, mke mwenza mvivu. Nikivaa nguo mpya, mke mwenza anataka kuninyang'anya mume. Babu alikufa na utani ukabaki. Nami nilimjibu vivyo hivyo, na hatukuwahi kuzungumza neno ambalo halikuishia kwenye kicheko. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi yote yaliyopo, na kwamba nimemjua bibi yangu hadi mwisho.

Jumamosi ile tulimkuta barazani anashona makuti. Alikuwa akiyashona kwa ajili ya watu wanaoezeka mahoteli, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe hata akiangalia pengine.

"Mke mwenzangu," alisema aliponiona, "leo umeniletea nani? Umeona hatutoshi wawili?"

Nilikuwa nimekusudia kutomfundisha mgeni wangu salamu, ili abananishwe. Kumbe wasichana wa bwenini walikuwa wamemfundisha, wakanivunjia hila. Alisogea, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, cucu," kwa neno la kwao la bibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapa kwenye mkeka, usikae chini."

Mwanangu! Neno dogo, na watu wa pwani humwambia hata mpita njia. Lakini nilisimama pale na begi langu nikalisikia kama limetoka kabatini mwangu. Mimi sikuwahi kuitwa mwanangu.

Nilianza mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenyeji. "Wawe, nipe hadithi ya zamani, ya shule." Wawe ndivyo sisi Wadigo tunavyomwita bibi.

"Hadithi ipi? Ile ya bibi aliyekuwa na mke mwenza asiyejua kufagia ua?"

Tukacheka. Nikamwambia kweli nataka kitu cha kuandika. Akasema basi niandike kwamba babu yangu alikoroma hata ng'ombe wakakatika kamba. Tukacheka tena. Baada ya dakika chache nilifungua daftari nikaandika ile ya sungura na fisi kisimani, niliyoijua tangu utotoni, nikaipamba kwa methali na tamathali nilizojua mwalimu anazipenda. Kwamba kazi ilitaka jambo lililoonekana kwa macho, hilo nililiruka. Nikaandika juu kabisa kwamba bibi alisimuliwa na bibi yake. Kisha nikaenda jikoni kumsaidia mama kukuna nazi.

Mgeni akabaki barazani. Nikiwa juu ya mbuzi nilimsikia akimwuliza bibi jinsi ya kukunja ukuti, na bibi akimwonyesha. Halafu maneno yakapungua. Nilisikia sauti ya bibi imeshuka, inakwenda pole pole, inasimama, inaendelea. Sauti hiyo sikuijua. Niliacha kukuna nikasikiliza, sikupata neno hata moja, ila nilijua kwamba hakuna anayecheka. Nilipotoka na chai wakanyamaza wote wawili. Bibi akapokea kikombe akaniambia, "Mke mwenza, sukari umeila wewe?" kwa ile sauti yetu ya kila siku, na kwa mara ya kwanza utani ule ulinichoma.

Msichana alirudi Jumamosi ya pili na ya tatu. Mimi nilimaliza kazi yangu nusu saa, yeye alihitaji majuma matatu! Nilimwambia mama kwamba anafuata chakula, wali wa bwenini umemshinda. Mama akasema, "Mwache. Bibi yako anamfurahia." Roho iliniuma hata nikamwaga maji ya kuoshea vyombo kabla ya kuoshea.

Siku ya kusoma kazi ikafika. Mwalimu aliingia na rundo la madaftari, akafanya kama kawaida yake, kutoka chini kwenda juu. Nilisubiri. Akabaki na mawili. Akanipa langu mkononi, akasema, "Lugha tamu sana hii. Lakini nani amemwona sungura huyu kwa macho?" Darasa likacheka kidogo. Halafu akafungua la mwisho.

Sentensi ya kwanza ilisema kuna mwanamke anayeshona makuti bila kuyaangalia. Nilijua mara moja ni nani.

Mwanamke huyo, aliendelea mwalimu kusoma, aliolewa akiwa msichana upande wa pili wa mpaka, ukivuka kutoka Vanga. Wakati huo watu wa huku na kule walikuwa ukoo mmoja, wakiozana na kuzikana, na mpaka kwao ulikuwa kichaka tu. Alizaa binti. Kisha akaachwa, na watu wa mume wakamzuia mtoto, naye akarudi kwao mikono mitupu. Kila mwezi alivuka kwa miguu kwenda kumwona. Mtoto alipofika miaka saba, siku moja alikuwa amebeba mahamri na kanga ndogo aliyoikata katika kanga yake, akakuta askari wapya njiani. Wakamwuliza kipande, hati ya kuvukia. Hakuwa nacho, hakujua hata kama anatakiwa awe nacho. Wakamrudisha. Mahamri wakayala. Alijaribu tena mara mbili, wakamrudisha. Ndipo akaposwa na mume wa pili huku Msambweni, mtu mwema ila mwenye wivu, aliyemwambia kwamba hataki kusikia habari za yule mwanamume wala za mtoto wake, na kwamba akivuka tena abaki huko huko. Hakuvuka tena. Kazi ilimalizika kwa jina la yule mtoto, na maneno ya bibi kwamba hulitaja moyoni kila anapomaliza kushona ukuti mmoja, ili asilisahau.

Mwalimu alivua miwani. Wasichana wa Vanga walikuwa wanalia waziwazi, maana kila mmoja alikuwa na shangazi upande ule.

Nilisimama. "Mwalimu, huyo ni bibi yangu. Hakusema hayo. Ni uongo."

Nimejiuliza mara nyingi kama niliamini nililosema. Nadhani niliamini kwa dakika ile moja, kwa sababu kama lilikuwa kweli, basi mimi niliyelala nyumba moja naye miaka kumi na saba nilikuwa mgeni, na huyu wa juzi ndiye mjukuu. Lakini hata kama ningejua ni kweli tupu, ningesimama. Nilitaka daftari lile lirudi chini ya langu. Ni hilo tu. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Ametia chumvi ili asomwe siku ya wazazi. Bibi yangu hajaolewa na mtu mwingine ila babu."

Mwalimu alimwangalia yule msichana. Yeye alisema tu, "Ameniambia mwenyewe." Hakukasirika. Alinitazama mimi kana kwamba nimeugua.

Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuhukumu kwa machozi. "Mdomo mmoja," alisema. "Basi tutatafuta wa pili."

Kesho yake baada ya vipindi alitutia mbele wote wawili, tukaenda naye mikoroshoni. Nilikuwa naomba bibi asiwepo, awe amekwenda msibani, awe amekwenda hospitali, popote. Tulimkuta pale pale barazani.

Mwalimu alimwamkia vizuri, wakaulizana hali, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mashamba ya Mkongani, mpaka nikadhani jambo letu halitafikiwa. Mwisho mwalimu akasema, "Mama, tumekuja kwa jambo dogo. Huyu binti ameandika maneno, anasema umemwambia wewe. Na huyu mjukuu wako amesema mbele ya darasa kwamba hukuyasema, ni uongo. Mimi nataka kusikia kwako."

Bibi aliacha kushona. Sikumbuki siku nyingine niliyoona vidole vyake vimetulia. Alimtazama yule msichana, kisha akanitazama mimi, kutoka viatuni mpaka usoni, akachelewa usoni. Nilikuwa naomba kwa macho. Sijui niliomba nini.

"Mjukuu wangu amesema hivyo mbele ya watu?" aliuliza.

"Mbele ya darasa zima."

"Basi ni kama alivyosema."

"Cucu," msichana akaanza.

"Mimi ni mzee, mwanangu," bibi alimwambia, kwa upole. "Wazee huchanganya mambo. Nisamehe."

Mwalimu hakutosheka. "Kwa hiyo huna mtoto upande wa pili?"

"Sina. Watoto wangu ni mama yake huyu na ndugu zake wawili wa kiume, na wote unawajua. Sina mwingine."

Bibi yangu huapa wallahi hata akisema chai ni ya moto. Siku hiyo hakuapa. Akashika ukuti akaendelea kushona, na mwalimu akaaga.

Wahenga husema ukubwa ni jaa, kila taka hutupwa hapo. Nimeisahihisha methali hiyo katika mamia ya karatasi za mitihani, na kila mara naona uso ule. Alikuwa na vitu viwili mkononi, heshima yangu na mtoto wake, akatupa kimoja. Alifanya hivyo bila kunigombeza, na sikumwomba msamaha. Niliporudi nyumbani jioni nilikula nikashiba.

Kazi ya msichana ilifutwa kwa kalamu nyekundu, akaambiwa aandike nyingine. Siku ya wazazi nilisimama mbele na sungura wangu. Bibi alikuja, akakaa mstari wa kwanza na leso yake. Alipiga makofi nilipomaliza, si kabla. Yule msichana alikuwa amepewa kazi ya kugawa soda kwa wageni. Nilimwona anampelekea bibi chupa, anainama, na bibi anamshika mkono na kuukawiza. Nilikuwa nimeshinda, na bado niliona wivu! Nilitamani kuteremka nikaitenganishe ile mikono miwili.

Nilijaribu kumwuliza, baadaye sana, nilipokuwa chuoni. Nilimkuta peke yake nikakaa kwenye mkeka. "Wawe, ni kweli una mtoto huko?"

"Mtoto gani?"

"Yule wa ng'ambo."

"Si ulimwambia mwalimu hakuna?" alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha mahali ulipoweka ufunguo. Nikamwuliza tena mwaka uliofuata, akanijibu kwa utani wa mke mwenza, nami kwa mazoea nikacheka, na nafasi ikapita. Mama naye nilimwuliza. Akaniambia aliwahi kusikia neno hilo utotoni kwa jirani, akaliuliza nyumbani, na babu akamtandika. Hakuuliza tena, na zaidi ya hapo hajui kitu.

Na yule mwenzangu? Nilikuja kujua kwamba hakuacha kuja. Mpaka tunamaliza kidato cha nne, Jumamosi nilizokwenda masomo ya ziada Ukunda, yeye alikuwa barazani kwetu anashona makuti. Mama alinificha, alijua nitanuna. Alipopata kazi ya mapokezi hotelini Diani alikuwa akija siku za mapumziko na mkate na majani ya chai. Mimi nikapelekwa kufundisha Vanga, ambako kila asubuhi wanafunzi wangu wengine huja kutoka upande ule wa pili, na mara nyingi nimetaka kuvuka nikaulize. Nikafike kwa nani? Nikaulize nyumba ya nani? Jina mwalimu alilisoma mara moja tu, mwishoni kabisa, na wakati huo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa natunga maneno ya kusema nitakaposimama.

Bibi alifariki mwaka jana, asubuhi, na alasiri tukawa tumeshamzika, kama ilivyo kwetu. Siku ya tatu kulikuwa na hitima. Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, mama yangu na tasbihi yake, mimi pembeni yake nikiwapokea wanaotoa pole. Macho yangu yalikuwa makavu tangu siku ya kwanza.

Akaingia yeye. Alikuwa bado amevaa viatu vya kazini, na leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, amezifunga vizuri kuliko baadhi ya mabinti zetu. Aliketi katikati ya wanawake akalia kwa sauti, bila haya, mpaka mabibi wa mtaa wakaanza kumbembeleza wakimwita mwanangu. Nilimtazama nikaona kijicho kile kile kinaamka, mtu mzima mimi, mwalimu wa watoto wa watu: kwamba hata kulia amenizidi.

Alipotulia alisogea kwa magoti mpaka tulipokaa. Alimpa mama mkono, akanipa mimi. Kiswahili chake kilikuwa kimeshanyooka kitambo.

"Poleni sana," alisema. Kisha akatazama huku na huku chumbani, akawapitia wanawake mmoja mmoja, akashusha sauti. "Na dada yake mama, wa ng'ambo, yuko wapi? Amefika? Mlimpelekea habari?"

Ningeweza kusema amechelewa. Ningeweza kusema anaumwa. Uongo sikuwa mgeni nao.

"Hatukumpelekea," nilimwambia. "Hatumjui. Anaitwa nani?"

Mama yangu, aliyekuwa ameinamia tasbihi, aliinua kichwa, na sisi wawili, binti na mjukuu wa marehemu, tukamkazia macho mgeni wetu tukingoja atutajie mtu wetu.